Mjerumani wa Mama Keki

Nianze na wanaume, maana ndio walionichosha kuliko wote. Hapakuwa na mahali ambapo wifi yangu aliegesha gari lake bila mwanamume mmoja kutokea, sijui hata alikuwa amejificha wapi. Anazunguka gari taratibu. Anainama kuchungulia chini. Anafungua mlango bila ruhusa na kuufunga, ili asikie tu mlio wake, kisha anatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na mwalimu wake wa shule ya msingi. "Mama, hili ndilo gari," anasema. "Hawatengenezi tena kama hili." Halafu, lazima, "Unaliuza?" Na wakati wote huo wifi yangu amesimama na ghorofa ya chini ya keki mikononi, uzito wa mtoto wa kuanza shule, na hakuna anayemwambia lete nikushikie.

Mtaa mzima unamwita Mama Keki. Ni mke wa marehemu kaka yangu. Mimi nakaa vyumba viwili vya uani, kwenye ua huohuo, tangu nilipostaafu kazi ya kupokea simu ofisini. Nampigia mayai, naosha sufuria, na siku za kupeleka keki nakaa mbele pembeni yake nikipiga kelele kila nikiona shimo. Yeye ni mtu wa maneno machache. Mimi nilipewa mdomo wa watu wawili, ndiyo maana habari zake nazisimulia mimi.

Gari lenyewe ni Benzi jeupe la zamani, lile la mkia mrefu. Ukilitazama mbele ni gari la mkurugenzi, limekaa kwa heshima zake, taa zimekodoa. Ukizunguka nyuma ni kabati la nguo lenye magurudumu. Kaka yangu, ambaye alikuwa msimamizi wa ghala, alilinunua kwenye kampuni moja iliyokuwa ikiuza magari ya wakubwa wake ili iwanunulie mapya. Alikuja nalo nyumbani akipiga honi tangu mwanzo wa barabara, watoto wote wa jirani wakimfuata mbio. Wifi akatoka jikoni na unga hadi kwenye viwiko. Akaliangalia kutoka mwanzo mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Sakafu yake ya nyuma iko sawa?"

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa ametaka mke wake aseme wanang'aa, au aseme sasa na sisi tumekuwa watu. Lakini wifi alikuwa akifikiria keki. Miaka yote hiyo alikuwa akizipeleka kwa teksi, keki mapajani, roho mkononi, dereva anakata kona kama anakimbizwa na nyuki.

Sakafu ilikuwa sawa kama meza. Na zaidi ya hapo gari lilikuwa na ujanja ambao hata kaka hakuujua siku ile. Ukilipakia mzigo nyuma, mkia unashuka kidogo, kama gari lolote. Ukiwasha injini, unasubiri. Taratibu, bila haraka, mkia unajiinua wenyewe mpaka gari linakaa sawasawa tena, uwe umepakia keki moja au magunia. Kuna mafuta na gesi kwenye vibuyu fulani vya chuma huko chini. Fundi amenieleza mara nyingi na kila mara nimesahau. Ninachojua ni kwamba keki ya ghorofa tano ilisafiri nyuma mle kama bibi kizee aliyelala, ikafika haina hata ufa. Watoto walikuwa wakicheka kila injini ikiwashwa. "Anainua matako!" Wakalipa gari jina la Mjerumani, wakasema halalamiki, hacheki, na hapendi kuchelewa.

Watoto ni wawili. Wa kwanza wa kiume, na kitinda mimba wa kike. Ndani ya sakafu ile ya nyuma kulikuwa na viti viwili vidogo vya kukunjua, vinavyotazama nyuma, na hapo ndipo walipokulia, mama yao akiwa kwenye usukani siku zote na baba yao pembeni yake. Walikaa wakiwakodolea macho madereva wa magari yanayofuata, wakiwatolea ndimi na kuwapungia mikono. Siku ya keki viti vilikunjwa, wakahamia kiti cha kati, wakanusa krimu njia nzima na kuapa kwamba hawajaigusa. Hawakuwa wakisema kweli, na wifi alikuwa akitembea na kisu na kibakuli cha krimu ya akiba kwa sababu yao.

Kisha kaka akafariki, ghafla, akiwa bado kijana wa kutosha kuitwa kijana kwenye msiba wake. Gari likabaki, oda za keki zikabaki, watoto wakabaki, na wifi akabaki kuviendesha vyote. Sitatia chumvi hapa. Alijikaza kisabuni. Watoto walisomeshwa kwa mayai na unga, na Mjerumani hakuwahi kumlaza njiani. Nadhani hata mimi nilianza kumwona kama mwanamume wa nyumba ile. Kila mwaka magari mapya ya majirani yalikuja yaking'aa na kuondoka yakivutwa na kamba, na letu liko pale pale, linanguruma kama mzee anayesafisha koo asubuhi.

Watoto wakakua wakaenda zao, kama inavyotakiwa. Wa kiume yuko ng'ambo, anafanya kazi ya kompyuta ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuielewa. Wa kike ni muuguzi kwenye mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima. Wanapiga simu. Wanatuma vitu. Sina neno baya juu yao isipokuwa yale nitakayoyasema.

Uchovu wa wifi yangu ni wa kuangaliwa kwa makini ndiyo uuone, maana halii wala hagombani. Nilianza kuuona kwenye vitu vidogo. Chai inapoa mbele yake na haikumbuki. Anakaa ukingoni mwa kitanda amevaa kiatu kimoja, kingine mkononi, anatazama ukuta. Viganja vyake vilikuwa vimeanza kukataa kazi. Akiminya krimu maua mawili matatu, inabidi aweke mfuko chini, avikamue vidole kimoja kimoja. Ukimuuliza anasema hajambo. Siku moja tukiwa tunaosha mabati ya kuokea, akasema bila kunitazama, "Wifi, nataka kuuza gari."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Gari hili hili?"

"Kwani tuna magari mangapi?"

"Na keki utapelekaje?"

"Ndiyo hivyo," akasema. "Sitapeleka."

Akanieleza, na lilikuwa jambo refu kuliko yote aliyowahi kunieleza kwa pumzi moja. Alikuwa amejaribu kuacha. Aliwaambia watu kwamba amepunguza, kwamba anapumzika, na watu wakaitikia ndiyo mama, pumzika mama, kisha wakaliona gari limeegeshwa pale nje, jeupe, limejipanga kama linasubiri safari. Wanagonga mlango. Si gari hilo hapo mama, ni kijikeki tu mama, ni mtoto wetu wa mwisho huyu. Na yeye akilitazama gari anashindwa kusema hapana, kwa sababu linaweza. Lingekuwa limeharibika angepata la kusema. Lakini halikuwa likiharibika, na mtu hawezi kuchoka kabla ya gari lake.

"Likiondoka," akasema, "hata mimi mwenyewe nitaamini kwamba nimeacha."

Mnunuzi alikuwapo. Alikuwa mzee mmoja mstaafu, mpole, amevaa kofia ya sufu kwenye jua kali. Alikuja kama walivyokuja wengine, akalizunguka gari, akatikisa kichwa. Tofauti ni kwamba alipomwona wifi anatoka na keki aliacha kulitazama gari, akasema, "Lete nikushikie, dada." Wifi akampa. Sijawahi kuona akimpa mtu keki ashike, hata mimi nilisubiri miaka. Yule mzee akaondoka ameacha namba yake ya simu na kusema hana haraka, atasubiri. Wifi akasema basi, huyo ndiye.

Jioni akawapigia watoto. Akaweka simu kwenye sauti kubwa ili mikono yake iendelee na unga, na ndiyo maana nilisikia kila kitu.

Ungedhani ametangaza kwamba anauza kaburi la baba yao. Wa kike alianza kulia kabla mama yake hajamaliza sentensi. "Mama, hilo gari ni baba! Mimi nikifumba macho nikimkumbuka baba, namwona kwenye gari." Wa kiume akaja na hoja, maana yeye ni mtu wa hoja. Akasema huko aliko watu wazima wana vyama vya magari hayo hayo. Wanakutana siku za mapumziko, wanayaosha, wanayapiga picha, wanashindana nani lake limebaki kama lilivyotoka kiwandani. "Mama, watu huku wanalilia gari kama hilo, sisi tunalo bure uani. Injini hiyo haifi. Mjerumani ni wa familia, mama. Niahidi hutauza."

"Nimechoka, mwanangu," wifi akasema.

"Najua mama. Pumzika. Lakini usiuze gari."

Nikainuka niichukue ile simu niseme yangu, wifi akanikazia macho, nikakaa. Akawaambia, "Basi, tutaona." Akarudi kwenye unga wake. Nilipandwa na hasira mpaka usingizi ukanipotea. Mtu anakwambia amechoka, na wewe unamjibu habari za injini!

Hazikupita siku nyingi, fundi wetu wa magari akaja nyumbani mwenyewe, kwa miguu, ananukia sabuni. Akasema watoto wamemtuma amchukue Mjerumani akamfanyie ukaguzi mdogo. Wifi akampa ufunguo bila kuuliza. Gari likaenda, na halikurudi kesho yake, wala keshokutwa, wala wiki iliyofuata. Ukimpigia fundi anasema, "Bado kidogo, mama, bado kidogo tu."

Naapa, hizo zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizoziona kwenye ua ule tangu kaka yangu afe. Watu walikuja na oda zao, wakaona nafasi tupu pale nje yenye doa la mafuta, wakauliza gari liko wapi, wifi akasema halipo. Wakaondoka! Hivyo hivyo, kwa adabu. Wifi akalala mchana. Akaamka akalala tena. Akanyoosha miguu kibarazani na kusimulia kisa cha mama yake na kuku wa jirani, kisa ambacho sikuwahi kukisikia, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Vidole vyake vilianza kufunguka. Nikaanza kumwomba Mungu fundi yule awe tapeli, aliuze gari letu akimbilie mbali.

Hakuwa tapeli. Alirudi alasiri moja akipiga honi tangu mwanzo wa barabara, na mtaa mzima ukatoka. Lo! Rangi mpya nyeupe mpaka inaumiza macho, viti vimevalishwa ngozi, magurudumu yanang'aa kama masufuria ya harusi. Na mkia umesimama juu, juu kabisa, kama jogoo aliyekasirika. Fundi akashuka ameshika simu, na kwenye kioo cha simu walikuwapo watoto wote wawili, kila mmoja kwenye kisanduku chake, wanapiga makofi.

"Umeona, mama? Umeona? Zawadi yako hiyo!"

Wifi alisimama. Fundi naye akawa anamweleza kwa furaha alichofanya. "Na ile mambo ya mafuta na gesi huku nyuma, mama, nimeitoa yote. Ilikuwa imeanza kuvuja, ingekusumbua. Nimekuwekea springi ngumu. Hizi hata ukipakia saruji, halitingishiki."

Fundi hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwambia kinachobebwa kwenye gari lile. Watoto walimwambia rangi, wakamwambia ngozi, wakamwambia magurudumu, na kuhusu sakafu ya nyuma hawakumwambia lolote.

"Ahsanteni sana, wanangu," wifi akasema. "Limependeza kweli." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango, nami nikabaki nje na majirani, natabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Kuanzia hapo maji yakatufika shingoni. Gari lile lililong'arishwa lilikuwa kama bango. Waliokuwa wamekwisha kata tamaa wakarudi, na wapya wakaja wakitaka keki iletwe na gari lile lile, kwa sababu lilitoka vizuri kwenye picha. Wifi akakubali harusi moja, ya binti wa mtu aliyemsaidia zamani, keki ya ghorofa nne. Tukaipakia kama kawaida. Akawasha injini, akasubiri kama kawaida, mikono mapajani, anasikiliza. Hakuna kilichoinuka. Gari lilikuwa limekwisha jiinua siku nyingi.

Njiani nilijua mapema. Springi zile zilitengenezwa kwa ajili ya saruji kweli. Keki kwao ilikuwa si kitu. Kila jiwe dogo gari liliruka. Wifi akapunguza mwendo mpaka waendesha baiskeli wakatupita. Kwenye tuta la kwanza nikasikia nyuma yangu sauti laini, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha sponji. Sikugeuka. Wifi naye hakugeuka. Tukafika ukumbini, akaegesha nyuma kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akafungua buti.

Ghorofa ya pili ilikuwa imeteleza ikaegemea kioo. Ya tatu imepasuka katikati. Krimu imetapakaa kwenye ngozi mpya.

Alitoa kisu chake, akapiga magoti ndani ya buti kwenye joto lile, akaanza kukata, kuchonga, kuziba. Alikuwa anageuza ghorofa nne kuwa tatu, na maua ya ile iliyokufa anayahamishia kwa zilizo hai. Mimi namshikia bakuli na kumfuta jasho lisidondoke. Tuko katika hali hiyo, likaja kundi la wageni wa harusi, vijana na mabinti waliopendeza. Wakaliona gari. Wakapiga mayowe. Wakaanza kuliegemea, wanabadilishana, wanapigana picha. Gari likawa linayumba na keki ndani yake. Kijana mmoja, mtanashati kabisa, akainama kwenye buti akasema kwa heshima, "Samahani mama, ungesogea kidogo? Unaingia kwenye picha."

Niliyomwambia siwezi kuyaandika. Mama yake angekuwapo angeyasikia na angenisamehe.

Keki ikaingia ukumbini na ghorofa tatu, na hakuna aliyegundua. Bibi harusi alilia kwa uzuri wake. Tulipotoka pale wifi aliendesha kidogo tu, akaegesha kando ya barabara, akazima injini. Mikono ilibaki kwenye usukani kama imegandishwa.

"Wifi, nimechoka," akasema.

"Najua. Leo ilikuwa kazi."

"Si leo. Nimechoka yote."

Tukakaa pale. Nilitaka kumshika mkono lakini hakuuachia usukani, kwa hiyo nikamshika begani. Alikuwa anatetemeka kwa chini chini, kama injini.

Nikawapigia watoto mwenyewe, na safari hii hakukuwa na wa kunikazia macho. Nikawaeleza habari za springi, za keki, na za yule mzee anayelisubiri gari, na kwamba mama yao hawezi tena kufunga kifungo cha gauni lake bila mimi. Nikasema njooni mumwone. Kwa haki yao, walikuja. Wa kike aliomba likizo siku ile ile. Wa kiume alishuka kwenye ndege na sanduku zito, akalifungua sebuleni kwa tabasamu la mwanafunzi aliyefaulu. Ndani, vimeviringishwa kwenye mashati yake, vilikuwamo vile vibuyu vya chuma, vipya, na mabomba yake.

"Nimevitafuta kwa udi na uvumba, mama. Vya kiwandani kabisa! Tunarudisha kila kitu kama zamani. Sasa utakuwa huna wasiwasi."

Alikuwa amefurahi mno. Nilitamani kumpiga na mwiko. Lakini wifi alimpapasa kichwa, akasema, "Umesumbuka, baba." Kisha akaenda kuosha vyombo, na binti yake akamfuata kumpokea, na nilimwona yule muuguzi anaitazama mikono ya mama yake kwenye maji. Aliitazama kwa muda.

Fundi akavifunga vile vibuyu, akinung'unika kwamba springi zake zilikuwa nzuri. Jumapili baada ya chakula cha mchana gari lilikuwa tayari. Tukatoka wote nje kuliona. Lilikaa sawasawa, mkia umeshuka kwenye adabu yake. Wa kiume akafunga mikono kifuani akalitazama kama baba yake alivyokuwa akilitazama, akasema, "Unaona, mama? Sasa hakuna tena sababu ya kuuza."

"Sababu hakuna," wifi akasema.

Nilijua sauti ile. Ndiyo sauti aliyowakubalia nayo wenye oda.

Binti akasema twende tuzunguke kidogo, wote, kama zamani. Akafungua buti, akakunjua kiti kimoja kati ya vile vidogo, akajikunja humo, magoti kidevuni, anacheka. Mimi nikaingia kiti cha kati. Wa kiume akaenda mlango wa mbele pembeni, mahali pa baba yake, akakaa. Kila mtu alikuwa mahali pake, tunasubiri tu twende. Wifi akaja na ufunguo mpaka kwenye mlango wa dereva. Akaweka mkono kwenye kitasa. Akasimama pale.

"Endesha wewe," akamwambia mwanawe, akampa ufunguo kupitia dirishani.

"Mimi? Mama, dereva si wewe?"

"Mikono yangu leo haitaki."

Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa pembeni yangu. Akatafuta mkanda. Akaupapasa huku, akaupapasa kule, mpaka nikagundua kwamba hajui uko wapi. Nikauvuta nikamfunga. Mwanawe akahamia kwenye usukani, tukaondoka. Gari likapita kwenye tuta la mtaani kwetu bila kushtuka, kama linapita juu ya godoro. Wifi akawa anageuza kichwa, anatazama dari, anatazama mlango, anapitisha vidole kwenye kidude cha chuma mlangoni. Akakifungua. Akakifunga.

"Hiki ni nini?"

"Cha majivu ya sigara, mama," binti akajibu kutoka nyuma. "Kipo siku zote. Sisi tulikuwa tunafichia maganda ya pipi."

"Sikijui." Akakifungua tena. "Mimi sijawahi kupanda gari hili."

Wote tukacheka. Wa kiume akamtazama kwenye kioo. "Mama naye! Umeliendesha maisha yako yote."

"Nimeliendesha," akasema. "Kupanda sijawahi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetoa taarifa. Akaegemeza kichwa kwenye kiti, akashusha pumzi ndefu, nikaona mabega yake yanashuka, moja, halafu la pili.

"Ni zuri," akasema. "Kumbe ni zuri hivi."

Nikamwona mwanawe kwenye kile kioo, macho yake yamerudi barabarani na yamekaa huko, masikio yamemwiva. Tukapita sokoni, tukapita shule yao ya zamani, na hakuna aliyeonyesha kitu kwa kidole. Nilipomtazama wifi tena alikuwa amefumba macho. Mdomo umefunguka kidogo. Mikono ipo mapajani, viganja juu, haijashika kitu.

"Amelala?" binti akanong'ona.

"Amelala," nikasema.

"Usisimame, kaka. Ukisimama ataamka."

Akaendesha polepole, kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwa mtoto yule. Nyuma yangu nikamsikia muuguzi anavuta kamasi, analia kimya kimya huku anatazama barabara tuliyotoka. Kona ya nyumbani ilipoonekana mbele yetu, wa kiume akasema, sauti imekauka, bila kugeuka:

"Shangazi, namba ya yule mzee unayo?"

"Ninayo."

"Basi nipe. Nitampigia mimi tukifika."

Wifi hakufumbua macho.

"Mpigie kesho," akasema. "Leo niacheni nilale."

Mwanawe akapita kona ya nyumbani bila kukunja, akaendelea mbele.